Yah: Malalamiko kuhusu lebo ya oili yenu ya pikipiki ya 10W-40

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Kwa heshima, ninakuandikieni kulalamikia oili yenu ya injini niliyoinunua kwa wakala wenu wa Chake Chake, kwa ajili ya pikipiki ya magurudumu manne ninayoteremshia karafuu mbichi kutoka shambani hadi kwenye majamvi ya kuanikia. Chombo chenyewe ni Honda TRX300, aina iliyotengenezwa kuanzia 1988 hadi 2000, na kitabu chake kinataka oili ya uzito wa 10W-40 ya daraja la SF au SG la API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani inayopanga ubora wa oili za injini. Madaraja hayo ya zamani hayapatikani tena kwa urahisi madukani, kwa hiyo mwenye chombo cha umri huo hana budi kuyaamini maelezo ya kwenye chupa.

Upande wa mbele wa chupa yenu pamechorwa pikipiki ya gea yenye matope magurudumuni, na chini yake pameandikwa "kwa pikipiki zote za mipigo minne". Upande wa nyuma, karibu na kitako, kuna kisanduku cha JASO, shirika la Kijapani la viwango vya magari, chenye herufi MB, ndogo kuliko kichwa cha karafuu. Maelezo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Kiwango cha Kijapani cha JASO T903 kiliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati oili za magari zilipokuwa zikizidi kutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Kwa gari, jambo hilo si tatizo, kwani klachi yake imekaa mbali na oili ya injini. Katika pikipiki nyingi za gea, na katika chombo changu, oili ile ile inayolainisha pistoni na gea ndiyo inayoziosha pleti za klachi, nazo pleti hizo kazi yake ni kukamatana, si kuteleza. Ndiyo maana oili za msuguano wa juu zikapewa alama ya MA, ambayo mwaka 2006 iligawanywa kuwa MA1 na MA2, na zile za msuguano mdogo zikapewa MB, zinazofaa skuta ambazo klachi zao ni kavu. TRX300 ina klachi mbili, moja inayojikamata yenyewe injini inapoongeza mzunguko na nyengine ya kubadilishia gea, na zote mbili zimo ndani ya oili.

Matokeo yake yalionekana mlimani. Kwa mzigo wa kawaida wa magunia, injini ilinguruma huku chombo kikijikokota, na harufu ya kuungua ikatoka chini ya kiti. Fundi alianza na skrubu ya kurekebishia klachi, kama inavyopasa, bila ya mafanikio. Alipofungua kifuniko alizikuta pleti za msuguano zimekuwa nyeusi na zinang'aa. Kumwaga oili yenu na kutia ya MA kulipunguza kuteleza lakini hakukukomesha, na ikabidi pleti zibadilishwe katikati ya msimu.

Mhudumu wenu wa simu alinijibu kwamba chombo ni kikuukuu na klachi imechoka. Klachi hiyo hiyo ilipandisha mizigo hiyo hiyo msimu uliopita kwa oili ya MA. Kilichobadilika ni chupa. Akaongeza kwamba oili yenu ni bora kwa kuwa ni ya API SL, daraja lililo juu ya SG. Hilo halihusiani na lalamiko langu, kwa sababu madaraja ya API hupima mambo ya injini kama vile uchakavu na masizi, wala hayaahidi kwamba klachi itakamata. Mafundi wengi wa huku humimina oili ya malori ya 15W-40 bila ya kusoma lebo, na klachi zao hushika. Siipendekezi desturi hiyo, lakini inasikitisha kuona inampa mteja matokeo mema kuliko ushauri wa kampuni.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee bei ya oili pamoja na gharama za pleti na za fundi, kwa mujibu wa risiti nilizoziambatanisha. Naomba pia muyaondoe maneno "pikipiki zote" na ile picha, na alama ya MB iandikwe upande wa mbele kwa herufi zinazosomeka, pamoja na maelezo kwamba oili hiyo haifai klachi iliyomo ndani ya oili. Kwa chupa ambazo tayari zimo madukani Unguja na Pemba, karatasi ya kubandika itatosha kwa sasa, ilimradi mawakala waelezwe sababu yake.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14 tangu mpokee barua hii, na baada ya hapo nitaiwasilisha kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar pamoja na chupa yenyewe na pleti zilizoungua, ambazo nimezihifadhi.

Wenu,
Mkulima wa karafuu, Wete, Pemba