Tamthilia za maroboti si za watoto tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili linanikera kweli, kila zikitajwa tamthilia za sayansi ya kubuni utasikia aah hizo za watoto, ni maroboti na vyombo vya angani tu. Jamani, mbona mle ndo kuna maisha kuliko hata tamthilia za mapenzi ambazo watu wanalia mwanzo mpaka mwisho!

Chukua Star Trek: The Next Generation, epizodi ya mwaka 1990 inaitwa The Offspring. Data ni roboti, hana hisia hata chembe, anatengeneza binti anamwita Lal, anamlea, anamwacha achague mwenyewe awe na sura gani. Binti anaanza kuhisi woga, kitu ambacho baba yake hajawahi kukihisi, na ubongo wake unaanza kuharibika. Sasa kuna admirali, mkubwa wa jeshi analotumikia Data, alikuja kumchukua yule mtoto, huyo huyo ndo anatoka chumbani kanyong'onyea anasimulia jinsi mikono ya Data ilivyokuwa inakimbia kujaribu kumwokoa. Lal anamwambia baba anampenda, baba anatamani tu angeweza kuhisi hivyo.

Niambieni, alimpenda au hakumpenda? Mimi nasema alimpenda, tena sana, maana wako wazazi wengi ambao mdomoni hawajawahi kulitamka hilo neno lakini mikono yao ilikimbia hivyo hivyo, na watoto wao wamekua wanadhani hawakupendwa. Ukimwondolea mzazi maneno na machozi yote ndo unaona kinachobaki.

Au chukua tamthilia ya Black Mirror, epizodi ya 2013 inaitwa Be Right Back. Mpenzi wa Martha, Ash, amefariki, Martha anapata programu ya kompyuta iliyosoma kila alichoandika marehemu mtandaoni, mwisho inaletwa na mwili kabisa. Inamtii kwa kila kitu na hapo ndo inapouma, kwa sababu Ash alikuwa mbishi. Ukingoni mwa genge refu la mawe Martha anaiambia iruke, nayo iko tayari kuruka, mpaka anapoiambia Ash angelia angeogopa ndo inaanza kulia. Yeyote aliyefiwa anajua, unayemkumbuka ni yule aliyekuwa anakukatalia, anakununia, siyo malaika wa kwenye tanzia.

Kwa hiyo mhariri, wachambuzi wenu wakiziandika hizi kazi wapunguze habari za milipuko na bajeti, watuandikie hawa wahusika wanatendeana nini.

Msomaji wenu