Barua kwa mwanangu: kwa nini nilikuomba umrudishe yule besi majini

Mwanangu mpendwa,

Natumaini umefika salama na masomo yameanza vizuri. Uliondoka na kinyongo, ingawa hukusema. Niliona ulivyokuwa ukikusanya vifaa kimyakimya tangu nilipokuomba umrudishe ziwani yule samaki mkubwa aina ya besi. Ulimpata kwa jasho lako, na haikuwa haki upewe jibu la haraka mashua ikiwa inayumba. Ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza nikusifu, maana unastahili. Asubuhi ile samaki walituchangamkia ukingoni mwa mayungiyungi, halafu jua likapanda na kila kitu kikatulia. Wavuvi wengi hukata tamaa hapo, wakadhani samaki wamehama ziwa. Wewe ukaunyoshea kidole ule mti uliolala majini ukasema, "Mama, tujaribu upande wa kivuli." Moyo wangu uliruka. Besi ni mwindaji wa kuvizia. Hapendi kukimbiza windo masafa marefu. Hujibanza penye giza akitazama penye mwanga, na kitu kikipita karibu hukirukia. Alfajiri na jioni, mwanga ukiwa hafifu, hutoka akazunguka kwenye kina kifupi. Mchana hurudi kwenye kivuli: chini ya magogo, kwenye majani mazito, chini ya gati. Kwa hiyo saa sita za mchana hatutafuti samaki ziwa zima, tunatafuta vivuli.

Kisha ukafanya jambo ambalo watu wazima wengi linawashinda. Ulirusha yule nyungunyungu wa plastiki karibu kabisa na tawi, ncha ya ndoano ikiwa imefichwa mwilini mwake isije ikanasa kwenye gome, ukamwacha azame. Hukuvuta. Mara nyingi besi huchukua chambo kikiwa bado kinashuka, na samaki huyo hakiumi chambo kama unavyoweza kudhani. Hufungua kinywa ghafla, maji yakavutwa ndani pamoja na chambo, na akihisi si chakula hukitema papo hapo. Mkono unaweza usihisi chochote. Ila wewe macho yako yalikuwa pale mshipi unapoingia majini. Nilikuona umeganda. Mshipi ukaruka kidogo, mruko mdogo sana, kisha ukaanza kwenda pembeni taratibu, kinyume na upepo. Ukakusanya ulegevu kwa rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ukainyanyua fimbo ya kuvulia kwa nguvu, na maji yakapasuka.

Sitasimulia purukushani yote, uliishuhudia mwenyewe. Alivyoruka akitikisa kichwa ili aiteme ndoano, ukaishusha fimbo na mshipi haukulegea hata kidogo. Hilo ndilo lililomleta hadi ubavuni mwa mashua.

Sasa sababu yangu. Ulimtazama vizuri? Taya lake la juu lilipita nyuma ya jicho, na ubavuni alikuwa na ule mstari mweusi uliovunjikavunjika. Huyo ni besi wa kinywa kikubwa. Ndugu yake wa kinywa kidogo, taya lake haliendi mbali hivyo. Na kwa ukubwa ule, karibu hakika alikuwa jike. Madume hayafikii kimo hicho; besi wakubwa kabisa ni majike. Samaki wa namna ile hukua kwa miaka mingi. Alipokuwa mdogo kama kidole alinusurika midomo ya samaki wengine, baadaye ndege, kisha ndoano za watu kama sisi. Kila msimu wa kuzaa hutaga maelfu kwa maelfu ya mayai. Ukimla, umekula mlo mmoja. Ukimwacha, ziwa linabaki na mama.

Na dume naye ana kazi yake, ambayo watu hawaijui. Maji yakianza kupata joto, kwenye nyuzi 15 au 16 hivi na kupanda, yeye husafisha kiota kwa mkia mahali pa kina kifupi, jike hutaga na kuondoka, naye hubaki akilinda. Huyapepea mayai kwa mapezi, na vifaranga wakianguliwa huwalinda kwa muda. Akiwa pale hushambulia chochote kinachosogea, kwa hiyo kumvua ni rahisi mno. Mimi sipendi kumvua kiotani. Ukimwondoa kwa dakika chache tu, samaki wadogo waliokuwa wakivizia huingia kula mayai.

Usidhani napinga kula samaki. Wale wa wastani tuliowachukua tuliwala kwa furaha, na ziwa lenye besi wadogo wengi kupita kiasi hunufaika wakipunguzwa, maana wanaobaki hupata chakula cha kutosha na kukua. Wala sisemi besi arudishwe kila mahali. Kwa asili ni samaki wa Amerika Kaskazini, na watu wamempeleka sehemu nyingi za dunia kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Ziwa Naivasha kule Kenya aliletwa mwaka 1929. Mahali pengine amekuwa tishio kwa samaki wa asili. Kwenye Ziwa Biwa nchini Japani kanuni za mkoa zinakataza kumwachia akishavuliwa. Na ni ziwa hilohilo ambamo Manabu Kurita alivua, mwaka 2009, besi wa takriban kilo 10, akaifikia rekodi ya George Perry wa jimbo la Georgia, Marekani, iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1932. Kwa hiyo popote utakapovua, uliza kwanza ziwa lile linahitaji nini na kanuni zake zinasemaje. Letu linahitaji majike wakubwa.

Ulishtuka nilipopaza sauti ulipotaka kumlaza kwenye sakafu ya mashua. Ngozi ya samaki ina ute unaomkinga na magonjwa, na sakafu kavu yenye joto huufuta. Lowesha mikono kabla ya kumgusa. Shika mdomo wa chini kwa kidole gumba, lakini aliye mzito usimning'inize kwa taya peke yake. Mkono wa pili ukae chini ya tumbo, alale sawasawa. Ndoano itolewe kwa koleo, ikiwezekana angali majini. Ukitaka picha, iandae simu kwanza, kisha bana pumzi yako unapomtoa: ukihisi unahitaji kuvuta hewa, naye anahitaji maji.

Ulipomshusha, ulimshikilia kwa upole hadi matamvua yalipoanza kufunguka na kufunga kwa mpangilio, na hukumsukuma. Ulingoja aondoke kwa nguvu zake. Hilo hakuna aliyekufundisha, na nilijivunia zaidi ya nilivyojivunia ulipomnasa.

Ukija likizo tutaanzia ng'ambo, pale kina kinaposhuka ghafla karibu na matete. Mimi nitapiga kafi, wewe ukae mbele. Kabla ya hapo ukague mshipi wako: pitisha vidole kwenye kipande cha mwisho, pale uliposuguana na mti. Ukihisi mikwaruzo, kata kipande hicho chote ufunge ndoano upya.

Nakupenda sana.

Mama yako