Aliyemaliza dozi ya TB asiachwe akihema

Mhariri,

Mgonjwa wa kifua kikuu akimaliza dozi ya miezi sita na makohozi yakaonekana safi, kadi huandikwa amepona, naye huenda zake. Vimelea kweli vimekwisha. Lakini wengi hubaki na makovu kwenye mapafu, na kwa wachimbaji wa Mirerani huongezeka vumbi la mawe. Kupanda kilima kidogo, hata kuoga, wanahema. Hoja yetu ni kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya: watu hawa wanahitaji mazoezi tiba yenye usimamizi, na hospitali ya wilaya inaweza kuyaanza bila kusubiri mashine.

Mazoezi hayaondoi makovu. Hilo lisemwe wazi. Kinachobadilika ni misuli. Anayebanwa na pumzi hukwepa kutembea, ndugu nao humsihi apumzike, mapaja yanalegea, na misuli iliyolegea huitumia vibaya oksijeni kidogo inayoipata. Ndiyo maana safari ileile ya dukani inamtoa pumzi kuliko mwezi uliopita.

Kazi ianze na kipimo. Inatakiwa njia tambarare ya mita 30, koni mbili (hata ndoo zinafaa), kiti, saa, mashine ya presha na kipima oksijeni cha kidoleni. Mgonjwa atembee dakika sita kadiri awezavyo, asikimbie, akichoka asimame. Apimwe mara mbili, apumzike nusu saa katikati, na ichukuliwe namba kubwa. Jaribio la pili mara nyingi huwa refu kwa sababu ameshaujua mwendo wake; ukipima mara moja tu, mwishoni utadhani mazoezi yamemsaidia kumbe ni mazoea. Oksijeni ikishuka chini ya 80%, asimamishwe. Kifaa hicho nacho hudanganya: vidole vya baridi, rangi ya kucha na hina nyeusi hukivuruga, na kwenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba iliyo juu ya ukweli. Mgonjwa mwenyewe atazamwe, midomo yake na uso wake, si namba pekee.

Hesabu inayofuata ni nyepesi. Aliyetembea mita 300 amekwenda mita 50 kwa dakika. Asilimia 80 ya mwendo huo, ambayo ndiyo kasi ya mazoezi yake, ni mita 40. Kwa dakika 20 ni mita 800, yaani kuikata njia ile karibu mara 27. Asiyeweza kuziunganisha dakika 20 azigawe vipande vya dakika mbili au tatu. Kuhema kuwe kati ya 4 na 6 kwenye kipimo cha 0 (hahemi kabisa) hadi 10 (pumzi imembana kupita kiasi): sentensi fupi anaimudu, kuimba hawezi. Hapa ndipo wasimamizi wengi hukosea, kwa woga. Humwachia mgonjwa ajikokote, wiki nane zinaisha na hakuna kilichobadilika. Baada ya kutembea aketi na kusimama kitini bila kushika kitu, kisha ainue chupa za nusu lita, mwanzo za maji, baadaye za mchanga. Mara 8 hadi 12, seti mbili au tatu. Hospitalini siku mbili kwa wiki, siku nyingine atembee nyumbani, kwa wiki sita hadi nane. Hospitali ya Mulago, Kampala, mazoezi ya namna hii yalishajaribiwa kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB, na yaliwasaidia.

Usimamizi una sababu. Mwenye homa, kikohozi kipya au anayekonda apimwe makohozi upya kabla ya kuchanganyika na wenzake, na kikundi kifanyie barazani penye upepo. Mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika akiwa ameketi, presha zaidi ya 180/100 au maumivu ya kifua: siku hiyo hafanyi, amwone daktari. Kwa wagonjwa wa moyo, anayetumia dawa kama atenolol asiongozwe kwa mapigo, kwani dawa huyazuia yasipande. Aongozwe kwa kuhema kwake. Mgonjwa yeyote asikatize mazoezi ghafla pia. Damu hubaki miguuni, presha inashuka na anaweza kuzirai, kwa hiyo amalizie na dakika tano hadi kumi za mwendo wa taratibu.

Wengi huacha njiani kwa kukosa nauli. Siku za mazoezi zipangwe pamoja na siku za kliniki.

Mwishoni kipimo cha dakika sita kirudiwe kwenye njia ileile. Aliyeongeza mita 30 au zaidi amepata nafuu ya kweli. Ambaye hakuongeza asilaumiwe kwa uvivu. Achunguzwe damu, moyo na jinsi anavyovuta dawa ya kupuliza, kisha apangiwe upya.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Moshi