Wewe uliyeniuliza kama wazee walishapona

Mwangaluka rafiki yangu,

Uliniuliza kwenye simu kuhusu wazee wa kituo chetu waliougua Uviko-19, "Si walishapona wale?" Nikakujibu ndiyo, salio lilikuwa linakata. Jibu lile halikunikaa vizuri, naliandika upya hapa ili wasome na wengine wenye wazee.

Unamkumbuka babu wa kitanda cha dirishani, yule mvuvi wa Ukerewe? Ulimwacha akishona nyavu na kutugombeza kwa ajili ya dagaa. Alikuwa ananusa tu kutoka kibarazani: "Hawa walinyeshewa, warudisheni." Mwaka 2021 ukaja ule ugonjwa tulioupa kila jina, changamoto ya upumuaji, nimonia, mafua makali. Tukamfukiza nyungu, akakohoa wiki tatu, akaamka. Kwenye daftari nikaandika "amepona". Daftari lenyewe lina safu mbili tu, amepona na amefariki.

Juzi gunia la dagaa limevunda, jikoni hapakaliki. Babu kakaa ubavuni mwa gunia, anasema hasikii harufu yoyote.

Na pua ni kidogo. Kutoka kitandani hadi chooni anapumzika mara mbili. Chakula hakina ladha, anakisukuma, suruali sasa anaifunga kwa kamba. Misuli iliyoanza kwisha zile wiki tatu za kulala haijarudi, ndiyo maana anaanguka. Sindano ya nyavu anaishika, anapiga mafundo matatu, anasahau jicho la wavu linaelekea wapi, kisha ananitazama kama mimi ndiye niliyemficha.

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii: dalili za baada ya Uviko-19, kwa kawaida miezi 3 tangu kuugua, zikidumu angalau miezi 2, bila maelezo mengine. Uchovu, pumzi kukata, akili kuwa nzito. Hapo kwenye "maelezo mengine" ndipo pagumu, maana mtu wa umri wa babu hayakosi. Sukari, moyo, kifua kikuu, upungufu wa damu, vyote vipimwe kwanza. Sisi hatukupima. Tulisema uzee. Uzee gani unaondoka na pua ya mtu ndani ya wiki tatu?

Mbona chikungunya, ile homa ya virusi inayoenezwa na mbu, hatuibishii? Iligunduliwa huko kusini kwetu, Umakondeni, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu. Homa huisha kwa siku chache, viungo vikauma miezi, wengine miaka. Hakuna anayeambiwa kazeeka ghafla.

Basi kwenye daftari nimechora safu ya tatu kwa rula. Bosi akauliza nani karuhusu, nikanyamaza. Babu anapimwa uzito kila mwezi, anakula kidogo kidogo mara tano, yai lisikose, na tunatembea hadi mwembeni, tunageuza kabla hajachoka. Akichoka sana leo, kesho hanyanyuki kitandani.

Ukipita soko la Mwaloni ninunulie uzi wa nyavu, ule mnene. Mwembamba unamponyoka vidoleni.