Lodi balansa yenu inapeleka maombi kusiko, na tiketi mnafunga tu

Habari zenu watu wa huduma kwa wateja,

Hii ni mara ya nne nawaandikia jambo lile lile, tiketi tatu za nyuma mmezifunga wenyewe mkaandika "imetatuliwa" wakati mimi bado nahangaika, kwa hiyo naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaniambia tena nifute kashe ya brauza.

Nina seva za aina mbili nyuma ya lodi balansa yenu, yaani ile inayopokea maombi na kuyagawa kwa seva: za tovuti, na za API, zile zinazojibu programu nyingine badala ya watu. Ombi likianza na /api liende kwa API, mengine yaende kwenye tovuti, basi. Nikaweka sheria ya /api/*, konsoli (ukurasa wenu wa mipangilio) ikakubali, tiki ya kijani. Kujaribu, 404, yaani kitu hakipo.

Kosa la kwanza nakiri ni langu, niliipa sheria ya tovuti, /*, inayoshika kila njia, kipaumbele 10 na /api/* nikaipa 20, na kwenu namba ndogo ndo inasomwa kwanza, kwa hiyo /* ikawa inameza kila kitu. Sawa, hiyo nimeila. Lakini konsoli yenu inaiona kabisa sheria ambayo haitafikiwa hata siku moja, hivi kunionya mngepungukiwa nini?

Nikageuza namba, 404 ikaondoka ikaja 503, yaani huduma haipatikani. Hapo ndo mhudumu wenu akaniambia niwashe upya seva, nikawasha mara tatu, ya mwisho saa nane usiku, kumbe seva ni nzima kabisa, ni helthi cheki yenu, lile jaribio la kuona kama seva ni nzima, inagonga / kila sekunde 30 inasubiri 200, yaani jibu la "sawa", na seva ya API pale kwenye / haina kitu inajibu 404, basi nyie mnahesabu zote zimekufa. Nimeligundua mwenyewe kwenye logi, GET / 404, GET / 404, GET / 404, imejaa skrini nzima. Angeniuliza tu "helthi cheki yako inapiga wapi" tungemaliza siku ile ile. Nikaielekeza kwenye /afya, dakika moja zikawa kijani.

Na bado! /api/oda sasa inafika kwenye seva lakini inafika nzima nzima, yaani ile /api ya mbele hamuikati, na programu yangu inaijua /oda peke yake, ikarudisha 404 nyingine. Kwa macho inafanana na ile ya mwanzo, mpaka nilipopiga curl -v, amri inayoonyesha jibu pamoja na heda zake, nikaona heda ya Server, ule mstari unaotaja programu ya seva iliyojibu, imebadilika ndo nikajua hii inatoka API na siyo tovuti. Mfano wenu kwenye maelezo unaonyesha kama vile inakatwa. Halafu /api tupu, bila slashi, haiingii kwenye /api/* inaangukia kwenye tovuti, nimeongeza sheria yake peke yake na hilo nalo hamjaliandika popote.

Siku nne zimeenda hivyo. Nataka ule mfano urekebishwe, nataka sehemu kwenye konsoli ya kuandika njia nione itaangukia sheria ipi kabla sijahifadhi, na mnirudishie malipo ya lodi balansa ya hizo siku nne maana nililipia kitu ambacho kwangu kilikuwa hakifanyi kazi. Tiketi hii msiifunge mpaka mimi niseme.

Mteja wenu, kwa sasa