Barua ya wazi kwa msimamizi wa bustani za jiji, Nairobi

KUH: KUFYEKA MAUA-MWITU

Mheshimiwa,

Tunaomba ukanda mmoja katika kila bustani, mita 20 kwa 5, ambao hautafyekwa wote kwa siku moja.

Sisi ni watu wa kuhesabu wadudu. Chukua vijiti vinne na kamba, tenga mraba wa sentimita 50 kila upande, hesabu maua yaliyochanua, kisha kaa dakika 10 ukiandika kila mdudu anayetua juu yake. Anayehama ua hadi ua ndani ya mraba huandikwa mara moja tu. Saa nzuri ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Julai, mawingu yakitanda, usijisumbue kabla ya saa tano. Kaa mahali ambapo kivuli chako hakiangukii maua, maana nyuki wataruka na dakika zako zitapotea bure.

Wanaoanza humwita nyuki kila mwenye mistari ya manjano. Nzi wa maua ana mabawa mawili, nyuki manne; vipapasio vya nzi huyo ni vifupi, naye huweza kuelea hewani bila kusogea. Si wa kudharauliwa: mabuu wa aina nyingi za nzi hawa hula vidukari.

Sasa fyekeo. Kishona nguo, ambacho kwa wafanyakazi wako ni uchafu tu, kina vijiua vingi vya manjano katika kichwa kimoja, na vya pembeni hutangulia kufunguka, vya katikati vikafuata. Chakula basi hupatikana kwa siku kadhaa. Kikikatwa hadi udongoni kote kwa mpigo, nyuki wadogo, ambao hawaruki mbali, hukosa pa kwenda. Wengine hutaga ndani ya mabua makavu, wengine kwenye udongo mtupu. Anayekusanya mabua yote na kuyachoma anachoma na watoto wao.

Kwa hiyo: kisu cha mashine kiinuliwe hadi sentimita 10. Ifyekwe nusu ya ukanda, na nusu ya pili isubiri hadi ya kwanza ichanue tena. Ukingo wa mita moja kando ya njia ubaki mfupi daima, ili mbegu zisishike nguo za wageni na askari waone vizuri. (Malalamiko ya nyoka na vibaka tunayajua, ndiyo maana hatuombi bustani nzima.) Mabua makavu yaachwe kwenye kona moja, na mita moja ya udongo mtupu unaopata jua isimwagiliwe. Dawa ya wadudu isipulizwe kwenye maua yaliyochanua. Gugu karoti hatulitetei: ling'olewe kabla ya kuchanua, tena kwa glavu, kwa sababu huwasha ngozi.

Tuko tayari kuwafundisha askari wa bustani kuhesabu. Ila hesabu ya kwanza ifanywe kabla fyekeo halijaingia, la sivyo hatutakuwa na cha kulinganisha.

Ni sisi,
Wahesabu wadudu wa bustanini