Mnachimba pwani

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Katika toleo la wiki iliyopita msomaji mmoja aliuliza ramani za zamani za mji wetu wa Unguja zina faida gani kwa mwananchi wa kawaida, ukiacha kuwapendeza watalii. Mimi ni fundi bomba, mkaazi wa Kikwajuni. Naomba nafasi nimjibu kwa sururu yangu.

Mwaka juzi tulipewa kazi ya kulaza bomba kando ya barabara pale Darajani, si mbali na soko. Karatasi ya kazi ilisema ardhi kavu, siku nne. Tukavunja lami. Chini yake kifusi: mawe ya matumbawe, vigae, vipande vya chupa za kijani, kigae cha sahani chenye ua la buluu. Kifusi kikaisha, ukaja mchanga mwembamba, na chini ya mchanga tope jeusi lililonuka kama mikokoni maji yakiwa yamekupwa. Ndani ya tope mlikuwa na makombe ya chaza, mengine yamefumba vilevile kana kwamba yameokotwa asubuhi ile. Maji yakaanza kupanda. Tukayavuta kwa pampu, yakarudi. Adhuhuri yakashuka yenyewe, tukashukuru. Kufika alasiri yametufika magotini.

Mzee mmoja mwenye gari la hamali akasimama kututazama. Alitutazama kitambo, akasema, "Wanangu, mnachimba pwani," akasukuma gari lake akenda zake.

Tulicheka. Lakini siku nne zilikuwa kumi na moja, na msimamizi wetu mpaka leo anaamini tulikuwa tunavuta kazi.

Usiku mmoja katika hizo kumi na moja binti yangu alinitafutia kwenye simu ramani ya mji iliyotokana na safari ya nahodha wa Kifaransa, Charles Guillain, ya mwaka 1846. Sijui Kifaransa, na hakikuhitajika. Mji umekaa kama pembe tatu: pande mbili bahari, na upande wa tatu, wa mashariki, hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, limeingia kutoka kaskazini likaukata mji na bara yake. Kimebaki kishingo chembamba tu cha nchi kavu upande wa kusini, kwenye Mnazi Mmoja ya leo. Nikaweka kidole pale nilipokuwa nimesimama mchana kutwa na chepe. Kidole kikaangukia ndani ya maji.

Hapo ndipo nilipoyasikia majina ya mji wangu kwa mara ya kwanza, na mimi nimezaliwa humu. Utingo wa daladala huita "Darajani, Darajani!" tangu alfajiri, na hakuna abiria anayelitafuta daraja. Lilikuwapo, likivuka hori ambalo wazee wakiliita Pwani Ndogo. Ng'ambo ni ng'ambo ya maji hayo. Funguni ni kwenye fungu la mchanga, pale hori lilipokutana na bahari. Bwawani ni kipande cha maji kilichosalia, na matete yake. Hata Waingereza walipoiita barabara ile Creek Road walisema kweli, kwa sababu inafuata hori. Leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa, na sina ugomvi na Marehemu, lakini alama moja imefutika. Hori lenyewe lilifukiwa kidogo kidogo wakati wa ukoloni, mpaka miaka ya 1950. Viwanja vya Mnazi Mmoja tulivyochezea mpira utotoni ni sehemu ya kazi hiyo.

Hori si peke yake. Ukizipanga ramani na picha za zamani kwa miaka, utaona Beit al-Hukm, moja ya majumba ya kifalme, iko, kisha haiko: iliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, pamoja na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib. Utaona reli ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, ikitoka Ngome Kongwe na kupita kwenye vichochoro ambavyo leo pikipiki mbili hupishana kwa kuombana radhi. Na Michenzani, kabla ya majumba ya miaka ya 1970, utaona vijia vya Ng'ambo vikizunguka nyumba kama maji yanavyozunguka jiwe.

Namkubalia msomaji yule jambo moja. Ramani hizi, nyingi zao walizichora wageni, kwa shughuli zao: wapi pa kutia nanga, wapi pa kuweka mzinga. Baadhi yao wamehesabu nyumba za Mji Mkongwe moja moja, wakafika Ng'ambo wakachoka. Anayetaka kujua nani alikaa huko hatapata jibu kwenye karatasi hizo. Kwa hilo yule mzee wa hamali ni ramani bora. Bahati mbaya, mzee wa hamali haalikwi kwenye kikao cha mradi.

Ombi langu ni dogo. Kila anayepewa kibali cha kuchimba kati ya Funguni na Mnazi Mmoja apewe pamoja nacho nakala ya ramani ya hori, ili ajue bomba linalala kwenye nini na pampu iwepo tangu siku ya kwanza. Nyaraka za zamani za nchi hii zina nyumba yake pale Kilimani. Si jambo la kutuma mtu Ulaya. Na barabarani pale Darajani uwekwe mstari wa mawe unaoonyesha ukingo wa maji ulipokuwa, usawa wa lami, usiomkwaza mtu wala gari. Watoto wa skuli wapite, wasimame mguu mmoja mjini na mguu mmoja ng'ambo. Gharama yake haifiki ile ya siku saba tulizozidisha sisi.

Tulipofukia mtaro nilichukua kombe moja la chaza, liko dirishani kwangu. Bomba nalo limeshapasuka mara mbili tangu siku ile, mara zote mbili pale pale tope lilipoanzia, na mara zote mbili nimeitwa mimi.

Wenu,
Fundi bomba,
Kikwajuni, Unguja